Kuimba Herufi si Kuzijua

Mji wa Arusha unakumbukwa na kila Mtanzania kwa Azimio la Februari 1967. Mwezi uliofuata ilitoka Elimu ya Kujitegemea, ambamo Mwalimu Nyerere alitaka watoto waanze darasa la kwanza wakiwa wamekomaa kidogo, ili wamalizapo shule waweze kushika kazi za watu wazima. Kwa hali ya nchi ya wakati ule, shauri hilo lilikuwa la haki. Lakini miaka ya kabla ya darasa la kwanza iliachiwa familia, vijiji na vituo vya kulelea watoto mchana, na hadi leo wapo viongozi wanaoiona kuwa ni miaka ya kungojea tu.

Siku hizi mambo ni mengine. Zanzibar iliingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima kwa Sera yake ya mwaka 2006, na Bara ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima kwa Sera ya mwaka 2014. Kwa hiyo mtoto wa miaka 5 kwenda darasani si hoja tena. Hoja ni anafanya nini humo.

Katika madarasa mengi mwalimu hugusa ubao kwa fimbo, na watoto huimba kwa pamoja: a, e, i, o, u. Wageni wakija hufurahi na kupiga makofi. Lakini mwiteni mtoto mmoja, mwonesheni u iliyo peke yake. Ataanza kuimba tangu a mpaka aifikie. Mtoto huyo anajua wimbo, herufi haijui.

Sisi tuliopitia chuo cha Kurani tunalifahamu jambo hili. Be, te na the zina umbo moja: ya kwanza ina nukta moja chini, ya pili mbili juu, ya tatu tatu juu. Hapo sauti haikumsaidia mtu. Ilibidi macho yafanye kazi. Mwalimu aliyeijua kazi yake alizirukaruka herufi, akaanzia mwisho, akarudi katikati. Katika herufi za Kirumi mtihani wa namna hiyo uko kwa b na d. Tangu azaliwe mtoto amezoea kuwa kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kulia au kushoto. Ghafla anaambiwa kwamba alama iliyogeuzwa upande ni kitu kingine. Akikosea, si mjinga; anafuata alichofundishwa na dunia. Anahitaji kuichora mchangani, kuifinyanga kwa udongo, kuipapasa kwa kidole, mara nyingi na bila ya kukemewa.

Na uwezo anao. Kwenye miteremko ya Mlima Meru mtoto huambiwa achume buni nyekundu na aziache za kijani, naye hakosei. Huijua ndizi ya kupika na ndizi ya kuiva. Mtoto wa Kimaasai au wa Kiarusha huwatambua mbuzi wa boma lao mmoja mmoja, kwa rangi, kwa mabaka na kwa pembe. Visiwani kwetu mtoto hukaa na bibi yake akachambua karafuu, punje huku na makonyo kule. Kuchagua, kulinganisha, kupanga kwa rangi na umbo na ukubwa, ndiyo kazi ileile ambayo jicho litaifanya mbele ya herufi. Tunashangaa kuona darasa lililozungukwa na migomba, mahindi na maharage likilalamika kwamba halina vifaa, eti linangoja picha za kuchapwa kutoka mjini.

Ugumu mmoja ni wa kweli, nao wengi wetu wa visiwani hatuujui. Mtoto anayesema Kimeru au Kimaasai nyumbani hulikuta neno la Kiswahili na herufi yake siku moja. Mwalimu na amwache kwanza ataje kitu kwa lugha ya mama yake, kisha ampe jina la Kiswahili, ndipo aje na herufi.

Halmashauri nazo zina wajibu wao. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nasi tunajua kuwa mara nyingi kiwango hicho hakifuatwi. Mwalimu mwenye watoto 80 atawaimbisha tu, maana hana la kufanya. Darasa la awali lisipewe mwalimu aliyebaki baada ya madarasa mengine kugawiwa.

Wathibiti ubora wa elimu wanapokagua madarasa haya, Bara na Zanzibar, wasiridhike na nyimbo. Wamwage lundo la mbegu, wamwambie mtoto azitenge. Wamwoneshe herufi tatu zilizochanganywa, aitoe moja. Na akionekana mzito, apimwe macho na masikio kwanza. Chuo cha Patandi, pale Tengeru, kinafundisha walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Shule za Meru haziko mbali nacho.