Betri Mbovu, Mlinzi wa Mwili na Haki ya Jirani



Shukrani zote anastahiki Allah (SW), aliyeuumba mwili wa mwanadamu na kuuwekea walinzi wake ndani kwa ndani. Mmoja wao wataalamu humwita glutathioni. Hutengenezwa zaidi katika ini, na kazi yake ni kuzima sumu kabla hazijaunguza chembe hai za mwili. (Ndiyo hiyo hiyo ambayo baadhi ya dada zetu huchomwa sindano ili wajichubue, msiba huo una siku yake.) Nguvu ya mlinzi huyu imo katika salfa aliyonayo. Madini ya risasi huing'ang'ania salfa hiyo, mlinzi akafungwa mikono, na sumu zikapata njia.

Risasi hiyo inatoka wapi? Betri mbovu za magari huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu katika mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni. Wapo wanaozipasua uani, wakamwaga maji ya betri mtaroni, kisha wakaiyeyusha risasi kwa kuni ili kufua chubwi za wavuvi. Moshi humfikia jirani. Vumbi hubaki chini, na mtoto anayetambaa akalitia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Inayodhurika ni damu yake na akili yake, hiyo tunayoipeleka madrasa.

Watasema wengine kwamba habbat sauda na asali husafisha damu. Hatuipingi Tiba ya Mtume (SAW). Lakini kumnywesha mtoto habbat sauda asubuhi, kisha akarudi kucheza kwenye vumbi lile lile, ni kuteka maji kwa pakacha. Aondolewe hapo, na apelekwe hospitali akapimwe.

Lililo gumu ni suala la rizki. Anayeyeyusha risasi huenda ni ndugu yetu wa safu ya kwanza, naye ana watoto wa kulisha. Hatumwiti adui. Hata hivyo, fiqhi haimpi mtu ruhusa ya kuchuma kwa kumdhuru jirani yake, na betri nzima, bila kupasuliwa, inaweza kuuzwa kwa kiwanda chenye kibali. Imamu anayenyamaza kwa sababu bati za msikiti zimetokana na fedha hizo naye ajihoji.

Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 hukumu ikatenguliwa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi haki ya mazingira safi na salama. Basi kamati ya msikiti imwendee kwanza mwenye uwanja, kwa upole na mbele ya mashahidi wawili. Akikataa, barua iende serikali ya mtaa, na nakala yake kwa mamlaka ya mazingira.

Wabillahi Tawfiq.