Karani na Mashine ya Mahakamani

Kwa miaka mingi hakimu wa nchi hii amesikiliza ushahidi na kuuandika kwa mkono wake mwenyewe. Shahidi alisema kwa Kiswahili, kalamu ikaandika kwa Kiingereza, kisha karani akapiga chapa. Aliyetaka kukata rufani alingoja nakala. Ndugu zetu wa Rukuba, na wale wa Ukerewe wavukao kwa kivuko cha Kisorya kufuata mashauri Bunda au Musoma, wanaijua gharama ya kuambiwa warudi wiki ijayo.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tena Mahakama ya Tanzania imekwisha kuanza kutumia mfumo wa akili mnemba, wa kampuni ya Almawave ya Italia, unaonukuu na kutafsiri maneno yasemwayo mahakamani. Tunaupokea kwa mikono miwili. Nakala ikitoka mapema, mvuvi atapunguziwa safari.

Lakini karani aliyekuwa akipiga chapa atafanya kazi gani? Na kijana aliyehitimu sheria, aliyetegemea kuanza kwa kupekua hukumu na kuandika hati katika ofisi ya wakili, ataanzia wapi ikiwa mashine inazimaliza kazi hizo kwa dakika chache? Wahusika wasitujibu kwamba maendeleo hayazuiliki. Hilo tunalijua.

Kazi ipo, tena nyingi. Mashine iliyofundishwa Kiswahili na Kiingereza haiwezi kutegemewa mbele ya bibi kizee anayeeleza mpaka wa shamba lake kwa Kijita au Kizanaki. Neno moja likipotoka, shamba limekwenda. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, aliwapa Waswahili kesi nzima iliyogeuzwa na tafsiri ya maneno ya mkataba: nyama imetajwa, damu haikutajwa.

Wala wasomi hawakusalimika. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hukumu zisizokuwapo, zilizobuniwa na mashine nao wasizihakiki.

Basi karani asiachishwe; afundishwe kuhakiki kilichonukuliwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa shahidi haki ya kusomewa ushahidi wake. Haki hiyo, ambayo wengi hawaidai kwa kutoijua, sasa itiliwe mkazo: kilichoandikwa na mashine kisomwe kwa sauti, na kwa lugha ya shahidi inapolazimu. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, nao wapewe mafunzo hayo hayo, kwani ndio walio karibu na wananchi wa visiwani.

Tunawaomba maofisa wa Serikali na wa Mahakama mkoani Mara watenge fedha za mafunzo hayo kabla mashine hazijafika katika mahakama za wilaya, na makarani waliopo wawe wa kwanza kuitwa.