Mfupa Mzima na Kisu cha Urembo

Miongoni mwa mambo yaliyowezeshwa na taaluma ya upasuaji, na ambayo yafaa kupimwa kwa makini, ni kupunguza mifupa ya mashavu kwa ajili ya sura. Upasuaji huo ulielezwa na madaktari wa Japani mwaka 1983, kisha ukaenea sana katika Korea ya Kusini, ambako uso mwembamba huhesabiwa kuwa mzuri, na vituguta vilivyotokeza huonwa na wengi kuwa kasoro.

Kazi yenyewe si ndogo. Mtu hupewa dawa ya usingizi. Daktari hupasua ndani ya mdomo, juu ya ufizi, na aghalabu mbele ya sikio pia. Mfupa hukatwa, pengine kipande chake huondolewa, kisha husogezwa ndani na kufungwa kwa bamba na skrubu ndogo za titani. Mfupa huo ni nguzo ya uso: hukinga jicho, hupokea nguvu ya kutafuna, na hushikiza msuli mkubwa wa taya. Kila mtu atafunapo, msuli huo huuvuta mfupa chini. Usipofungwa barabara huweza kutounga. Nyama zilizobanduliwa huweza kulegea na shavu likashuka. Neva zilizo karibu zikijeruhiwa, shavu na mdomo wa juu hufa ganzi, au nyusi hushindwa kuinuka.

Haifuati kwamba elimu hii ni mbaya. Bamba na skrubu za namna hiyo ndizo huunga uso wa mtu aliyevunjika kituguta katika ajali ya barabarani. Tofauti iko katika mizani. Kwa aliyevunjika, hatari ya kisu hupimwa dhidi ya madhara yaliyokwisha kutokea; kwa mwenye mfupa mzima, hatari yote huletwa na kisu chenyewe. Wako wanaosema kwamba mtu mzima ana haki juu ya mwili wake. Ni kweli, lakini haki hiyo haina maana pasipo maarifa. Hivyo daktari wa urembo ana wajibu mkubwa zaidi wa kueleza madhara kwa lugha inayoeleweka, kumpa mtu muda wa kufikiri, kutaja ni nani hasa atakayeshika kisu, na kukataa inapobidi.

Korea ya Kusini imejifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 2016 kijana mmoja alifariki baada ya kupasuliwa taya mjini Seoul na kupoteza damu nyingi. Picha za kamera zilionyesha kwamba daktari alimwacha mikononi mwa wengine. Mama yake alidai haki kwa miaka kadhaa. Mwaka 2021 bunge lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Septemba 2023, inayotaka kamera ziwekwe katika vyumba wanamopasuliwa watu waliopoteza fahamu.

Hata hivyo, kamera haioni kilichompeleka mtu chumbani humo. Mwaka 2017 serikali ya nchi hiyo iliagiza taasisi za umma zisidai picha za waombaji kazi. Agizo hilo halikupata sifa za maajabu ya kitabibu, lakini ndilo lililogusa chanzo. Fomu ya kuombea kazi hubadilishwa kwa kalamu, na ikikosewa huandikwa upya. Mfupa uliokatwa haurudi.