MOROGORO YAJENGWA, ULUGURU JE?

Wenzetu wanaovuka bahari kwenda bara kwa biashara hawachoki kuusifu mji wa Morogoro. Wasema kila wakipita wakuta jengo lisilokuwapo safari iliyotangulia, na kwamba uwanda wa Kihonda umejaa mapaa ya bati hata macho yachoka kuyahesabu. Hawasemi uongo. Katika hesabu ya watu ya 2012 Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu zaidi ya 315,000. Ilipofanywa hesabu ya 2022 wakapatikana zaidi ya 470,000. Na tangu Juni 14, 2024, treni ya umeme yawachukua abiria kutoka Dar es Salaam na kuwafikisha huko kwa muda usiotimia saa mbili. Reli ya Wajerumani, iliyofika mji huo 1907, haikuweza mwendo kama huo hata siku moja.

Sisi hatumhusudu mtu kwa maendeleo yake. Mji ukijengwa fundi hupata ujira na mwenye duka huuza misumari. Lakini tumezoea katika chama hiki kuuliza kwanza na kupiga makofi baadaye, na tunalouliza ni hili: maji ya mji huo yatoka wapi, na wenye kuyatunza walipwa nini?

Yatoka milima ya Uluguru. Mto Morogoro washuka huko. Bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 na ambalo ndilo tegemeo kubwa la mji, lajazwa na Ngerengere na vijito vya mlima ule ule. Na mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, asili yake ni hapo hapo. Kila ghorofa jipya laongeza midomo, wala haliongezi tone. Oktoba 2022 Ruvu ulipungua hata wakaazi wa Dar es Salaam wakagaiwa maji kwa zamu, na mwaka huo huo ukatiwa saini mkataba wa bwawa la Kidunda kwa fedha zaidi ya shilingi bilioni 300. Bwawa ni jambo jema. Ila bwawa ni mtungi, si chemchemi, na udongo unaomomonyoka mlimani hushuka ukakaa ndani ya mtungi huo. Mindu imekwisha kuujua udongo huo.

Basi na tuwatazame Waluguru wenyewe, maana khabari yao ina mafunzo makubwa kuliko ya hiyo treni.

Katika 1950 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuuokoa mlima na mmomonyoko. Wakulima wakaamrishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kwa nguvu zao na bila ya ujira, na asiyechimba akatozwa faini. Waluguru waliona kwamba tuta likichimbwa, udongo wa chini usio na rutuba ndio unaokuja juu, na mazao yapungua. Kadhalika waliingiwa na khofu ya ardhi ya koo zao, kwani huko ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Wakasema, hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 ikazuka ghasia huko Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa baada yake, na mabwana wakubwa wakaandika katika ripoti zao kwamba Mluguru ni mtu mgumu wa kuelimika.

Je, ni mgumu? Katika 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza mpango mwingine katika milima hiyo hiyo. Mara hii palikuwa na mapatano: wakulima wa Kibungo Juu watachimba matuta, watapanda miti na majani ya kuzuia udongo, na wanywaji wa maji walioko chini watawalipa. DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam wakati ule, pamoja na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, wakakubali kutia fedha. Na matuta yakachimbwa! Yale yale yaliyomwaga damu 1955, yakachimbwa na wajukuu wa waliokataa, bila ya polisi hata mmoja. Tofauti ilikuwa kwamba mtu aliulizwa na akalipwa.

Malipo yenyewe hayakuwa makubwa, na mpango wa wafadhili, kama tujuavyo sote, una siku ya kuanza na siku ya kufungasha. Lililowafaa Waluguru lilikuwa ni sheria, yaani fungu lililoandikwa ndani ya bei ya maji, lisilotegemea huruma ya mgeni. Badala yake, kubwa walilolipata ni mpaka: katika 2008 msitu wao, zaidi ya hekta 24,000, ulitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Hatuipingi hifadhi. Twasema tu kwamba kumwambia mtu “usikate” ni nusu ya neno.

Huenda mwanachama akauliza, Uluguru yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Na apande Masingini. Msitu ule ndio mgongo wa Unguja, na mvua inayozama hapo ndiyo itiayo maji katika visima na chemchemi za mjini, tangu zama za Sayyid Barghash alipoyaleta maji mjini kutoka upande wa Bububu. Leo nyumba zimeuzunguka. Viwanja vyapimwa, vyauzwa, saruji yamwagwa, na kila mwenye kujenga ataka bomba.

Tawi lolote litakalokutana na Mwakilishi au diwani wake mwezi huu limwulize haya mawili, na limtake ajibu kwa hesabu. Katika fedha tulipazo kwa maji, ni senti ngapi zinazorudi Masingini? Na viwanja vinavyopimwa kandokando ya msitu ule, ni nani aliyetia saini?