Gemu ya bure ina bei, na bei hiyo haibaki Kyela

WENYE fedha za kakao wilayani Kyela wamepitia msimu wa furaha na msimu wa kukuna kichwa. Mwaka 2024 bei ya zao hilo katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na minada ya wilaya ikatoa bei ambazo wakulima wazee hawakuwa wamezizoea. Mwaka 2025 bei ikarudi chini. Fedha iliyopatikana wakati wa neema haipendi kukaa chini ya godoro, hutafuta kazi. Kwa wale ambao hawataki kuirudisha yote shambani, kazi mojawapo iliyo karibu ni banda la gemu.

Banda lenyewe halihitaji maelezo marefu. Ni chumba kimoja, televisheni, mashine ya PlayStation iliyokwishapita mikono kadhaa kabla ya kupanda basi kutoka Kariakoo, benchi, pedi mbili na gemu ya mpira. Mteja hulipa kwa mechi. Mara nyingi anayefungwa ndiye anayelipa, utaratibu ambao umewapa wenye mabanda wateja wasiochoka kutafuta kisasi.

Hofu ya mwenye mtaji siku hizi ni moja. Kijana wa Ipinda au Matema ana simu mkononi, na ndani ya simu kuna gemu za mpira na za vita zinazopatikana bila kulipa senti. Nani atatoa Sh. 300 kwa mechi moja wakati mfukoni ana gemu ya bure? Hofu hiyo ina sababu, lakini imepimwa kwa mizani mibovu, kwa kuwa inachukulia kwamba bure ni bure kweli.

Gemu ya bure ni biashara iliyohamisha bei kutoka mlangoni na kuipeleka ndani. Zamani mteja alilipa bei nzima dukani, akaenda zake na diski. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilijaribu kuuza deraya ya farasi kwa dola 2.50 kwa wenye mashine za Xbox, ndani ya gemu ambayo walikuwa wameshainunua. Ilichekwa sana. Waliocheka ndio wanaolipa leo. Mwaka 2009 kampuni ya Apple iliruhusu programu zinazotolewa bure kuuza vitu vidogo vidogo ndani yake, na tangu hapo mlango ukabaki wazi. Mwaka 2017 zikaja Fortnite, na Free Fire ya kampuni ya Garena ya Singapore, ambayo ilitengenezwa iweze kwenda hata kwenye simu za bei nafuu. Hilo la mwisho ndilo lililoifikisha pwani ya Ziwa Nyasa.

Ndani ya Free Fire fedha hugeuka kuwa almasi, na almasi hugeuka kuwa nguo za askari, rangi za bunduki na bahati nasibu za masanduku. Mchezaji hasemi ametumia shilingi elfu mbili na ushee. Anasema ametumia almasi mia. Mfanyabiashara yeyote wa soko la Kyela anajua kwamba mteja akishasahau sarafu anayolipia, nusu ya mauzo imekwisha.

Ni kweli kwamba wengi hawalipi kamwe. Utafiti wa kampuni ya Swrve wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa nusu ya mapato ya gemu za bure za simu ilitoka kwa asilimia 0.15 tu ya wachezaji. Wenye biashara hiyo huwaita wateja hao nyangumi. Maana yake ni kwamba wachezaji wengine wote ni maji ambamo nyangumi anaogelea: wanaijaza gemu watu ili yule mmoja apate wa kumringia. Na nyangumi si lazima awe tajiri. Anaweza kuwa mtoto aliyeshika simu ya baba yake siku malipo ya kakao yameingia.

Watetezi wa bure wana hoja yao, na si ya kupuuza. Afrika Mashariki nzima hununua kwa kupima. Mafuta ya kula huuzwa kwa koroboi, sabuni kwa kipande, muda wa maongezi kwa vocha ndogo, na tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 hata fedha yenyewe husafiri kwa vipande. Kumwambia kijana asiye na kipato alipe dola 70 kwa gemu moja ni kumfungia mlango. Kwa kiwango cha Sh. 2,500 kwa dola, hiyo ni Sh. 175,000. Hakuna mzazi wa Kyela atakayetoa fedha hiyo kwa ajili ya mchezo akiwa na akili timamu.

Hata hivyo koroboi ya mafuta na sanduku la almasi si ndugu. Anayenunua koroboi anaona mafuta, anajua bei, na jioni anakula. Anayefungua sanduku la bahati analipa kwanza, kisha anaambiwa amepata nini. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanaoleta vyungu kwa mtumbwi hadi Matema huuza chungu kizima kwa bei ya kukubaliana. Hakuna aliyewahi kumpa mteja chungu bure, kisha akamtoza kila anapotaka kukifunika.

Kinachofanana zaidi na gemu ya bure wilayani humo ni njuruku. Mkulima mwenye shida hupokea fedha leo kwa zao ambalo bado liko mtini, bei inapangwa na mwenye fedha, na hesabu halisi hujulikana siku ya mavuno, ikiwa imechelewa. Serikali imeupiga vita mtindo huo kwa miaka mingi na kusukuma kakao kwenye stakabadhi ghalani, ambako bei za wanunuzi husomwa mnadani mbele ya wenye mali. Mkulima wa Kyela amekwisha kujifunza tofauti ya bei inayosomwa mbele ya watu na bei inayojitokeza mwishoni. Ajabu ni kwamba mwanawe anarudishwa kwenye njuruku kwa njia ya simu.

Nchi nyingine zimeliona hilo. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba baadhi ya masanduku ya bahati ndani ya gemu ni kamari kwa mujibu wa sheria zake. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Epic, wenye Fortnite, ambapo kampuni hiyo ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja waliotozwa bila kukusudia kununua, mbali na faini ya dola milioni 275 kuhusu taarifa za watoto.

Bei nzima nayo haina usafi wa malaika. Kampuni ya EA ya Marekani huuza gemu yake ya mpira kwa bei kamili kila mwaka, kisha ndani yake ikauza pakiti za wachezaji. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2024, zaidi ya asilimia 70 ya mapato ya EA yalitokana na huduma zinazoendelea baada ya gemu kuuzwa, pakiti hizo zikiwemo. Mteja wa Ulaya analipa mlangoni na ndani. Ila mwenye banda wa Kyela anaponunua diski, huwawekea wateja mechi ya kawaida kati ya timu mbili, isiyohitaji intaneti wala pakiti. Kwa bahati yake, sehemu ya gemu inayomfaa ndiyo ile ambayo kampuni haijaiwekea tundu la kuingizia fedha.

Mfano ulio karibu zaidi na mabanda ni ule wa Konami ya Japani. Gemu yake ya mpira, PES, ilikuwa mhimili wa mabanda ya Afrika Mashariki tangu enzi za PlayStation 2. Septemba 2021 Konami iliigeuza kuwa eFootball, ikaitoa bure. Wenye mabanda wangetegemewa kusherehekea, kwani gharama moja ilikuwa imefutwa. Badala yake waliokimbilia bure hiyo walikuta timu tisa tu za kuchezea mechi ya kawaida, sura za wachezaji zilizopinda hadi kuwa kichekesho, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Gemu hiyo ilirekebishwa baadaye, lakini moyo wake uko kwenye mtandao na kwenye wachezaji wa kununua kidogo kidogo. Banda lisilo na intaneti ya uhakika haliwezi kujengwa juu ya bure ya namna hiyo.

Sasa hesabu, kwa mfano tu. Ichukuliwe kwamba mashine ya mtumba, televisheni na pedi mbili vimegharimu Sh. 1,200,000, na diski mpya ya gemu Sh. 175,000. Mechi ni Sh. 300, na kwa siku zinachezwa 40. Mapato ni Sh. 12,000. Nusu iende kwenye umeme, pango, kijana wa kusimamia na pedi zinazovunjwa na waliofungwa. Inabaki Sh. 6,000. Diski inajilipa kwa siku 30 hivi, na mtaji wote wa Sh. 1,375,000 unarudi baada ya siku 229, yaani zaidi ya miezi saba, iwapo hakuna siku iliyopotea. Siku zitapotea. Mvua za Kyela hazina mzaha, umeme nao hukatika. Mwenye busara ahesabu mwaka.

Upande wa pili, ichukuliwe kijana mmoja anayenunua almasi za dola moja kila wiki. Kwa mwaka ni dola 52, au Sh. 130,000, bila kuhesabu bando. Kwa miaka miwili amepita bei ya gemu nzima na hana kitu cha kuuza. Mwenye banda bado ana diski anayoweza kuiuza kwa mwenzake, na mashine ya kurudisha Kariakoo. Hapa ieleweke kwamba zinauzwa pia mashine zisizo na tundu la diski. Hizo si za mfanyabiashara, maana gemu iliyonunuliwa ndani yake haiuziki tena.

Lililo zito zaidi ni safari ya fedha yenyewe. Sh. 300 ya mechi hulipa pango la chumba, chai ya kijana wa zamu, na fundi wa pedi. Hulala Kyela angalau usiku mmoja. Dola ya almasi hulipa kamisheni ya mtu wa kati, hukatwa hadi asilimia 30 ikipitia duka la programu la Google au Apple, na kinachobaki huenda Singapore. Tangu Julai 2022 sheria ya fedha inazitoza kampuni za nje asilimia 2 ya mapato ya huduma za kidijitali yanayotoka nchini, jambo jema kwa hazina, lakini mwenye mgahawa jirani na banda hapati kikombe kimoja kutokana na hilo.

Kipo kitu kimoja tu ambacho gemu ya bure haiwezi kukikwepa, nacho ni bando. Kila mechi ya mtandaoni inalipa kampuni ya simu. Mwekezaji mdogo anayetaka kusimama upande wa kupokea badala ya upande wa kutoa anaweza kufanya hivyo kihalali: Vodacom Tanzania iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017, baada ya kuuza hisa kwa wananchi kwa Sh. 850 kila moja. Walionunua wakati huo wanajua kwamba hisa nayo hupanda na kushuka, lakini angalau bei yake husomwa hadharani kila siku ya soko.

Kwa atakayefungua banda, kuna tahadhari mbili zisizo za hesabu. Ya kwanza ni mashine za kamari zinazoitwa dubwi. Zinavutia kwa sababu hujaa sarafu haraka, lakini zinahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na haziruhusiwi kwa walio chini ya miaka 18, ambao ndio nusu ya benchi. Banda linaloweka dubwi pembeni ya PlayStation hupoteza wazazi kwanza na leseni baadaye. Ya pili ni saa za shule. Banda linalofungua mlango saa nne asubuhi siku ya Jumanne linajitafutia mwenyekiti wa kitongoji.

Kuhusu wakati wa kununua, gemu ya mpira ya EA imekuwa ikitoka mwishoni mwa Septemba: tarehe 29 mwaka 2023, tarehe 27 mwaka 2024, tarehe 26 mwaka 2025. Toleo jipya likitoka, la zamani hushuka bei haraka. Fedha ya mpunga huingia katikati ya mwaka, na hapo ndipo wengi huharakia Kariakoo. Anayenunua diski mwezi Agosti analipia kikosi ambacho baada ya wiki chache wateja watakiita cha mwaka jana. Anunue mashine na televisheni mwezi huo kama bei ni nzuri, diski asubiri Oktoba.