Tarishi wa Tumbo na Uji Mtupu

Siku ya soko pale Nunguni, katika milima ya Kilungu huko Makueni, maparachichi hupangwa mafungu mafungu juu ya magunia tangu alfajiri, ukungu ungali haujainuka, na kabla ya adhuhuri yale yaliyo bora aghalabu yamekwisha kupakiwa katika pikapu za madalali. Ilhali mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, aketiye ubavuni mwa mamaye muuzaji, amekumbatia kikombe cha uji mweupe wa mahindi, usio maziwa wala karanga. Biashara ile siilaumu, maana ndiyo ilipayo karo. Nakilaumu kikombe kile, na sababu yake imo katika jaribio la zamani.

Mwaka 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa yote ya fahamu iliyounganika na kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia humo tindikali. Na ijapokuwa haikusalia njia ya fahamu ya kupeleka habari, kongosho likatiririsha maji yake. Starling akakwangua utando wa utumbo, akausaga kwa mchanga na tindikali, akauchuja, akautia katika damu ya mbwa yule, na kongosho likaitika vilevile. Hata Pavlov wa Urusi, aliyeshikilia kwamba kazi hiyo ni ya mishipa ya fahamu, alipoona jaribio hilo limerudiwa katika maabara yake alikubali, jambo lisilo jepesi kwa wanazuoni.

Aliyepeleka habari ile ni tarishi apitaye katika damu, aitwaye sekretini, naye huliamuru kongosho kutoa maji yenye magadi ya kuvunja ukali wa tindikali itokayo tumboni. Mwenziwe, kolesistokinini, huamshwa na mafuta na protini, akaliomba kongosho vimeng'enya, na kibofu cha nyongo nyongo yake. Uji mtupu, usio mafuta wala protini ya kutosha, humwamsha kwa shida.

Na hata akiamka, je, atamkuta nani nyumbani? Vimeng'enya vyenyewe ni protini. Mwaka 1948 Daktari J. N. P. Davies, wa Kampala, alieleza jinsi kongosho za watoto waliofariki kwa kwashiakoo, ugonjwa wa utapiamlo unaohusishwa na upungufu wa protini, zilivyokuwa zimenyauka. Na mwaka 1952 Thompson na Trowell, huko huko Uganda, wakapima maji ya utumbo ya watoto wagonjwa, wakakuta vimeng'enya vimepungua mno. Heri ni kwamba mtoto akipata maziwa na chakula cha protini mapema, kongosho hurejea kazini.

Basi maafisa wa afya wa Makueni wasiishie kwenye mizani ya kliniki. Wafike sokoni, waseme na kina mama penye mafungu yao. Maharagwe yapikwayo katika muthokoi, yaani pamoja na mahindi yaliyokobolewa, yachemshwe hata yalainike kabisa, kwa kuwa yakiwa mabichi yana kitu kizuiacho vimeng'enya vya kongosho, kisha yapondwe kwa ajili ya mtoto. Yai lisiuzwe kila siku. Na katika kila fungu la maparachichi, moja lirudi nyumbani.