Kuitwa na Kujiita: Hoja Kuhusu Watu Wanaobadili Majina Yao

1.0 Utangulizi

Utafiti wa majina ya watu katika lugha za Afrika Mashariki umekwisha kuzaa tasnifu na makala nyingi. Aghalabu kazi hizo hufuata njia moja: majina hukusanywa, hugawanywa katika makundi ya wakati, mahali, tukio, imani na hali ya uzazi, kisha kila jina huelezwa maana yake. Masika ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Chausiku ni aliyezaliwa usiku. Tabu ni ambaye kuzaliwa kwake kuliandamana na taabu. Kazi hizi zina manufaa, nazo zimehifadhi mengi ambayo yangepotea. Hata hivyo, zina pengo. Humtazama mtoto siku anapopewa jina na kumwacha papo hapo. Hazimfuati mtu mzima ambaye, baada ya miaka ishirini au arobaini, analiacha jina hilo na kuchukua jingine.

Makala haya yanatetea hoja kwamba sababu za watu kubadili majina haziwezi kuelezwa kikamilifu kwa maana za kileksika za majina hayo. Jina ni kauli, na kila kauli ina msemaji wake. Anayebadili jina, mara nyingi, hapingi maana ya neno bali mamlaka ya aliyelitamka. Hoja hii ikikubaliwa, maswali ya utafiti yatabadilika, na wataalamu wa lugha watakuwa na neno la kusema juu ya jambo ambalo hadi sasa limeachiwa wanasheria na makarani wa sajili.

2.0 Sarufi ya Kuitwa

Ushahidi wa kwanza unatolewa na Kiswahili chenyewe. Mtu akiulizwa jina lake hujibu kwa kauli ya kutendwa: "Naitwa Asha." Vitenzi vingine vinavyoambatana na jina vina mwelekeo huo huo: mtu hupewa jina, hutiwa jina, hubatizwa jina, hubandikwa jina. Katika vyote hivi mwenye jina ni mtendwa. Mtenda hatajwi kwa kuwa jamii inamjua: ni mzazi, bibi, shangazi, padri, mwalimu wa madrasa au wenzi wa rika.

Hali hubadilika pindi kirejeshi cha nafsi kinapoingia. "Anaitwa daktari" na "anajiita daktari" si sentensi zenye maana moja. Ya pili imebeba shaka: msemaji anadokeza kwamba cheo hicho hakikutolewa na mwenye haki ya kukitoa. Vivyo hivyo, akisemwa mtu kuwa "anajiita Salima", wasikilizaji hujiuliza jina lake la kweli ni lipi. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kuwa tendo la kutoa jina hufaulu tu iwapo mtoaji amekabidhiwa kazi hiyo. Kiswahili kimeliweka sharti hilo katika umbo la kitenzi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba jamii za Waswahili zilimfunga mtu kwa jina moja. Jina la utotoni liliweza kufuatwa na jina la ukubwani. Mwanamke aliyezaa alijulikana kwa jina la mwanawe, Mama Asha, hata baadhi ya majirani wasijue jina lake la awali. Watani na wenzi wa kazi walimpa mtu lakabu, nayo ikamkaa kuliko jina la nyumbani. Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, majina yaliongezeka bila la awali kufutwa. Pili, mabadiliko hayo yote yalitamkwa na wengine. Linaloleta utata, basi, si jina kubadilika, bali mwenye jina kulibadili yeye mwenyewe.

3.0 Jina Zuri Likikimbiwa

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishikilia kwamba jina la pekee humtaja mtu bila kumpa sifa. Wataalamu wa majina ya Kiafrika wamempinga, na kwa haki, wakionyesha kuwa mengi ya majina hayo yana maana iliyo wazi. Lakini pande zote mbili hubishania maana ya neno, na mfano ufuatao unadhihirisha kuwa ubishi huo hautoshi.

Katika pwani ya karne ya kumi na tisa, majina kama Baraka, Mabruki na Feruzi yalitambulika kuwa ni ya watumwa. Kimaana hakuna lililo baya kati yake: Baraka ni neema, Mabruki ni aliyebarikiwa, Feruzi ni kito cha thamani. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni na kupelekwa India, kisha akarudi na kuongoza misafara ya akina Burton, Speke na Stanley, anajulikana katika historia kwa neno la Kiarabu la dua njema na jina la mji wa India, si kwa jina alilopewa na wazazi wake. Baada ya utumwa kuondolewa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi wa waliokuwa watumwa, na zaidi wana wao, waliyaacha majina ya namna hiyo na kuchukua yaliyotumiwa na waungwana. Hawakuikimbia baraka, walimkimbia bwana aliyewaita hivyo. Leo Baraka ni jina la kawaida la watoto wa Kikristo na wa Kiislamu, wala halimwaibishi mtu. Neno ni lile lile na maana ni ile ile. Kilichobadilika ni msemaji.

Upande wa pili kuna Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko na Matatizo. Mama anayemwita mwanawe Shida anasimulia habari yake mwenyewe: mume aliyemwacha, mwaka wa njaa, au uzazi uliokaribia kumuua. Nyumbani kauli hiyo inaeleweka. Mtoto akifika shuleni au mjini, ambako msemaji wa kwanza hajulikani, jina husomwa kana kwamba linamweleza aliyelibeba. Kauli ya mzazi imegeuzwa kuwa kivumishi cha mtoto. Hapo ndipo baadhi ya wahubiri wa kilokole wanapopata waumini walio tayari kuitwa Neema badala ya Shida. Wapo pia wanaolibeba jina la Shida bila aibu, kwa sababu wanamkumbuka aliyelitoa na siku aliyolitoa. Kama maana ya kileksika ingekuwa ndiyo sababu, akina Shida wote wangeliacha jina lao na akina Baraka wote wangelishika lao.

4.0 Dini, Ndoa na Dola

Sababu zinazotajwa mara nyingi, yaani dini, ndoa na siasa, nazo zinafafanuka zaidi zikitazamwa kwa jicho hili. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliondoka kisiwani mwaka 1866. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Jina la mtoto, jina la baba na dini vilibadilika kwa pamoja. Angeolewa pwani angebaki binti Said, kwani katika desturi ya Kiislamu mke haliachi jina la baba yake. Kitabu kuhusu Sultani Said kilichochapishwa mwaka 1929 kina jina la mwandishi Rudolph Said-Ruete, mwanawe Salme. Jina la babu lililoachwa na mama lilirudi katika kizazi kilichofuata, likakaa pamoja na la baba.

Ubatizo wenyewe haukuwa na matokeo ya namna moja. Nyerere alipobatizwa mwaka 1943 alipata jina la Julius, lakini Kambarage hakutoweka. Majina hayo mawili yalikaa pamoja hadi mwisho wa maisha yake. Kenyatta alizaliwa Kamau, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya kwa jina la Jomo Kenyatta. Jina la misheni lilipisha jina ambalo mwenyewe alilichagua mbele ya wasomaji wa Uingereza. Riwaya ya Weep Not, Child ilipotoka mwaka 1964 mwandishi wake alikuwa James Ngugi. Petals of Blood ilipotoka mwaka 1977 alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwandishi huyu hakujitungia neno jipya. Aliondoa neno la misheni na kuweka wazi uhusiano wa mwana na baba kwa kiunganishi "wa". Aliyeonekana kujiita alikuwa, kwa kweli, amerudi kuitwa.

Zaire inatoa mfano wa kinyume. Mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaamriwa kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya Kiafrika. Mapadri ambao wangebatiza kwa majina ya kigeni walitishiwa kifungo. Ikiwa kigezo ni asili ya neno, amri hiyo ilikuwa ukombozi. Ikiwa kigezo ni msemaji, mambo hayakuwa hivyo: padri aliondolewa, dola ikaketi mahali pake, na mwenye jina akabaki mtendwa kama zamani. Hii ni sababu mojawapo ya majina ya ubatizo kurudi hadharani utawala huo ulipoanguka mwaka 1997. Rais aliyefuata aliapishwa kwa jina la Laurent-Désiré Kabila. Ile Désiré iliyopigwa marufuku ilirejea katika kiti kile kile.

5.0 Jina Moja la Karatasi

Leo anayetaka kubadili jina nchini Tanzania au Kenya hutengeneza hati mbele ya mwanasheria, huisajili kwa msajili wa hati, na badiliko hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Matangazo ya Kenya hutumia maneno mazito: mhusika ameliacha na kulikana kabisa jina lake la zamani na kutwaa jipya mahali pake. Maneno hayo ni urithi wa sheria ya Kiingereza, nayo yanapingana na desturi iliyoelezwa hapo juu. Desturi huongeza jina. Sheria hudai la zamani life ndipo jipya liishi.

Zaidi ya hayo, fomu ina visanduku vitatu: jina la kwanza, la kati na la ukoo. Zuhura Juma Hamisi wa Pemba hana jina la ukoo katika maana hiyo. Ana jina lake, la baba na la babu. Akijaza fomu, babu anageuzwa kuwa ukoo. Akisafiri ng'ambo ataitwa Bibi Hamisi, jina ambalo hakuna aliyewahi kumwita nyumbani. Mtu huyu hajabadili jina, bali amebadilishiwa. Vivyo hivyo mwanafunzi ambaye mwalimu aliandika jina lake kwa tahajia isiyo sahihi, au aliyetumia jina la nyumbani shuleni na la ubatizo kanisani, hugundua wakati wa kudai mafao kwamba karatasi zake zinataja watu wawili. Hivyo baadhi ya wanaofika kwa msajili hawatafuti nafsi mpya. Wanatafuta kukiri kwa ofisi kwamba wao ni wale wale. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya libadilishe jina katika cheti cha shule cha mlalamikaji aliyekuwa amebadili jina kisheria. Uamuzi huo ulikubali kwamba cheti ni cha mtu, wala si cha jina.

6.0 Pingamizi

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba jina si mali ya aliyelibeba peke yake. Anayerithi jina la babu anamrudisha babu. Ana wajina wake, na kwa jina hilo huja utani, zawadi na wajibu. Akilitupa, anawavunjia wengine uhusiano ambao hawakuombwa rai juu yake. Pingamizi hii ni nzito, na hoja ya makala haya haiifuti. Inaonyesha tu kuwa uzito huo unatokana na kudai kwa sheria kwamba la zamani likanwe. Mtu angeruhusiwa kuongeza jina bila kulikana lililotangulia, wajina wake wasingempoteza.

Ya pili ni ya udanganyifu. Taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nchini Tanzania, iliyotolewa Aprili 2017, ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Na inafahamika kwamba wapo waliosoma au kuajiriwa kwa majina ya watu wengine. Lakini kubadili jina na kutwaa jina la mwenzio ni matendo mawili tofauti. Wa kwanza anasema, "Mimi niliyeitwa hivi sasa naitwa hivi." Wa pili anaificha sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo. Sajili inayohifadhi majina yote ya mtu humfichua mdanganyifu vizuri kuliko sajili inayodai jina moja.

7.0 Hitimisho

Inapendekezwa, kwanza, kwamba watafiti wa majina wasiishie kuuliza jina lina maana gani. Waulize pia nani alilitoa, nani hulitumia, katika mazingira gani, na mwenyewe anasemaje juu yake akiwa mtu mzima. Matangazo ya magazeti rasmi ya serikali, yaliyolimbikizwa kwa miongo kadhaa, ni data ambayo wanaisimujamii hawajaitumia inavyostahili. Pili, idara za Kiswahili zishiriki katika kuandaa fomu za usajili, ili visanduku vifuate namna watu wanavyoitwana, na hati ya kubadili jina iwe na nafasi ya kutunza jina la awali badala ya kulazimisha likanwe.

Kiambishi "ji" katika "kujiita" kitaendelea kubeba shaka yake, na pengine ni vyema, kwani jina ambalo hakuna mwingine analolitamka bado halijawa jina. Anayejipa jina anaomba wengine wamwite kwalo. Wanaoombwa, yaani jamaa, mwajiri na karani wa sajili, ndio wenye uwezo wa kugeuza kujiita kwake kuwe kuitwa.